Salamu za Hooyo Raho

Ugbad ni fundi cherehani hapa Garissa, na hasikii tangu alipougua homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka sita. Kusoma anajua, shule ya viziwi ilimfunza. Mama yake, Hooyo Raho, anafuga mbuzi kijijini Sangailu na hajui hata herufi moja, kwa hiyo hutuma ujumbe wa sauti kama wenzake wote wa huko. Miaka mingi majirani ndio waliomsikilizia Ugbad maisha yake. Talaka yake mtaa mzima uliijua kabla hajaijua mwenyewe.

Mwaka huu akapata programu inayogeuza sauti kuwa maandishi. Kisomali haikijui, lakini Kiswahili ambacho mama alikiokota akiuza maziwa mjini inakiweza. Tatizo ni kwamba hukata baada ya nusu dakika. Walioitengeneza, naona, hawajawahi kusalimiwa na mama wa Kisomali.

Ijumaa moja Ayanle, mtoto wa Ugbad wa miaka minne, alikuwa kwa bibi yake, na tangu juzi yake alikuwa na homa kali. Mustaf, dereva wa gari la Sangailu, alisema akitoka kuswali anaondoka. Ugbad hakujua apande au abaki. Kama mtoto analetwa hospitali Garissa, wangepishana njiani, na mtoto angefika bila mama.

Ujumbe ukaingia. Maandishi yakatoka: “Assalaam aleikum Ugbad. Mko amani? Nyumba amani? Kazi amani? Mvua iko? Huku mbuzi iko sawa, Abshiro amezaa, anakusalimu, mzee Nunow anakusalimu. Sasa Ayanle ame—”

Ikakatika hapo. Alitoka mbio kutafuta wa kumsikilizia, akakuta maduka yamefungwa kwa swala. Ujumbe wa pili ulikuja na salamu zilezile, mbuzi walewale, ukakatika kabla hata ya jina la mtoto. Alitaka kuivunja ile simu ukutani, na nisingemlaumu.

Akajirekodi video kwa ishara zao za nyumbani. Mkono kifuani, yaani salamu, kisha akaukata hewani: acha salamu, sema mtoto. Alipokwisha kuituma ndipo alipoikumbuka mila yao. Kwao, asiyesalimu kwanza huwa ameleta msiba. Siku baba yake alipofariki, mjumbe hakumsalimu mtu. Je, mama akianza moja kwa moja, Ugbad atajuaje kama ametii au amefiwa?

Watu wakaanza kutoka msikitini. Mustaf akasimamisha gari mlangoni, akaashiria kwa mkono kuwa hangoji. Simu ikatetemeka. Neno la kwanza lilikuwa “Mtoto”, bila salamu, na Ugbad akaifunika skrini kwa kiganja. Anasema hajawahi kuogopa vile, hata siku ya talaka. Kisha akaondoa kidole kimoja kimoja.

“Mtoto yako amekunywa maziwa. Homa imeshuka usiku, daktari wa kliniki ameona yeye. Hatukuji Garissa, wewe kuja. Haya, nimesikia wewe. Sasa salamu: mko amani?”

Ugbad alilia, akajifuta kwa kitambaa cha mteja. Mustaf alikuwa amekwisha washa gari. Ugbad hakumjali. Aliwasha video, akasimama mbele ya simu, akaweka mkono kifuani, akaisalimu nyumba, Abshiro na kichanga chake, mzee Nunow, na mbuzi wote, hakumruka hata mmoja. Ndipo akapanda.