Dakika Kumi na Mbili za Mnajimu Vyas

Vishvambhar Vyas alikuwa mnajimu wa ukoo wetu hapa mjini Ujjain, India, kwa miaka arobaini. Kila mtoto wa nyumba hii alipozaliwa, Vyas alikaa nje ya mlango, saa mkononi, akisubiri kilio cha kwanza.

"Kosea dakika nne, shemeji," aliniambia, "umemzaa mtu mwingine."

Mimi nilifundisha hesabu chuoni, na tulibishana sana. Nikimwambia sayari ni mawe tu, alicheka.

"Na saa ya ukutani ni vyuma tu, lakini inakuambia umechelewa. Nyota hazimlazimishi mtu. Zinaonyesha matendo ya maisha yaliyopita yameiva wapi."

Sikuyaamini yote. Nilimwamini yeye, kwa kuwa hesabu zake hazikuwahi kukosea.

Mwezi uliopita, mama wa kijana aliyemposa binti yangu Ketaki aliagiza hati ya nyota ya binti yangu. Nikafungua sanduku la marehemu mume wangu. Chini ya hati palikuwa na karatasi ya hospitali: Ketaki alizaliwa saa kumi na moja na dakika tisa alfajiri. Vyas alikuwa ameandika kumi na moja kasoro dakika tatu. Nilipiga hesabu mwenyewe. Dakika kumi na mbili zilitosha kuiondoa Mirihi katika sehemu ya hati iitwayo nyumba ya ndoa, ambako husemwa inaua mwenzi.

Nikamwita Vyas.

"Mumeo aliniomba," alisema, macho chini.

"Mngeniambia, tungemwoza Ketaki kwa mti wa mgomba kwanza, kama wafanyavyo wengine wenye Mirihi hiyo, balaa likaishia kwenye mgomba."

"Na Ujjain nzima ingejua. Nililinda jina lenu, shemeji."

"Wewe unaziamini nyota?"

"Kabisa."

"Ungeziamini, ungethubutu kuzidanganya?"

Alitafuta viatu vyake, akaondoka.

Yule mama alipokuja, niliweka karatasi zote mbili mbele yake. Jina letu halitasimama juu ya uongo ninaoujua.

"Mama mzazi hukujua?" aliuliza. "Mwalimu wa hesabu mzima?"

"Sikujua."

"Haya, dada. Na sisi hatujui kama tutarudi."

Hawakurudi. Chai yake niliimwaga ikiwa na utando.

Sandukuni imebaki hati moja, ile iliyolinganisha nyota zangu na za mume wangu kabla ya ndoa. "Alama ishirini na nane kati ya thelathini na sita!" Vyas alitangaza siku ile mbele ya wazee, na baba yangu akalia kwa furaha. Karatasi na kalamu za kuipigia hesabu upya ninazo. Sijaifungua.