Goulven Alikataa Basi

Goulven Kerloc'h aliendesha basi la shule tangu akiwa na nywele hadi alipobaki na upara, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwacha mtoto hata mmoja barabarani. Hilo alijivunia. Jambo la pili alilojivunia ni mashua yake, Rozenn, ambayo yeye na kaka yake Herlé waliiunda kwa mikono yao katika banda la baba yao, wakiwa vijana wasio na senti wala akili. Alipostaafu, mkewe akiwa ameshafariki na watoto hakujaliwa, akawa haonekani tena nyumbani. Tangu masika hadi majani yaanze kupukutika alisafiri na Rozenn kandokando ya pwani, peke yake, bandari hadi bandari. Akiulizwa kwa nini hachukui hata mbwa, alijibu kwamba mbwa hajui kunyamaza.

Alikuwa mwema, lakini mkaidi, na mkaidi wa baharini ni mkaidi mara mbili.

Mwezi wa Septemba Herlé alimpigia simu kutoka Tréboul, alikoishi na mkewe Annaïg kwenye nyumba iliyo juu ya kilima, ikiitazama ghuba ya Douarnenez. Saratani ilikuwa imeshamla mpaka sauti.

"Mdogo wangu, wanasema zimebaki wiki chache. Kitanda wamekisogeza dirishani. Njoo na Rozenn. Nataka niione ikiingia ghubani na lile tanga lake jekundu."

"Nitakuja nayo, Kaka."

"Kwa mashua, sio kwa maneno."

"Si nimesema nitakuja nayo?"

Ahadi ni deni. Kesho yake Goulven alifunga nyumba yake pale Loctudy, akapakia mikate, siagi ya chumvi na chupa za pombe ya tofaa, akang'oa nanga.

Hali ya hewa haikuwa na adabu. Mawingu yalikuja kutoka kusini magharibi, dhoruba moja ikiondoka inampisha mwenzake mlangoni. Goulven alisafiri kwa kuvizia: upepo ukilegea anatoka, ukikasirika anakimbilia bandari ya karibu. Kwenye mashua ndogo, mtu akiwa peke yake, kila kazi inaiba muda wa kazi nyingine. Unaifunga kana ya usukani kwa kamba, unatambaa hadi kwenye mlingoti, unashusha tanga kidogo na kulikunja huku vidole vimekufa ganzi, kisha unarudi mbio kabla mashua haijageuza uso inakotaka. Aliingia Audierne mvua ikimchapa, tanga limepunguzwa mpaka limebaki kama aproni.

Akakwama hapo.

Kutoka Audierne hadi Tréboul kwa barabara ni karibu, kiasi kwamba mkate ukinunuliwa huku unafika kule ungali na uvuguvugu. Kwa bahari ni habari nyingine. Ni lazima uizunguke rasi nzima na upite Mlango wa Raz, ambako mkondo unakimbia kama mto, na upepo ukigombana na mkondo mawimbi yanasimama wima. Kwetu husemwa kwamba hakuna aliyepita Raz bila hofu au maumivu. Watu hupita pale maji yanaposimama, kati ya kujaa na kupwa, tena upepo ukiwa na huruma. Siku zile upepo haukumhurumia mtu.

Goulven akawa anashinda kwenye mkahawa wa Soazig, mbele ya gati, akikodolea macho mawingu.

"Bado upo, mzee?" Soazig alimwambia. "Nitaanza kukutoza kodi ya meza."

"Upepo."

"Upepo wa nini? Nasikia kaka yako anaumwa sana kule Tréboul. Basi linapita hapo nje."

"Nimeendesha mabasi maisha yangu yote, Soazig. Najua yanapita wapi."

"Si ulipande!"

"Niende kumuaga ndugu yangu kwa basi, kama mtu anayekwenda kwa daktari wa meno? Ameomba mashua. Hakuniomba mimi."

Soazig aliacha kufuta glasi. "Umesikia ulichosema mwenyewe?"

"Mwache, dada," mvuvi mmoja alidakia kutoka meza ya kona. "Huyu akipanda basi atamfundisha dereva kazi mpaka washushwe wote njiani!"

Mkahawa mzima ukacheka, Goulven naye akacheka, na swali la Soazig likapotelea humo humo kwenye vicheko. Soazig peke yake hakucheka.

Jioni ile Annaïg alimpigia simu.

"Shemeji, uko wapi?"

"Audierne."

"Audierne! Si hapo tu? Ngoja nije na gari. Nusu saa niko gatini."

"Anaendeleaje?"

"Amechoka."

"Kesho kutwa upepo unageuka kaskazini magharibi na kupungua. Redio imesema. Mwambie akae dirishani."

"Hiyo redio..." Annaïg alianza, akameza maneno. "Haya. Jihadhari, shemeji."

Angeweza kusema ndiyo. Kiti cha gari kilikuwepo, shemeji alikuwepo, kaka alikuwa hai. Lakini Goulven alikuwa amelishika neno moja tu, akalishika kama mtoto ashikavyo sarafu mpaka mkono unamuuma, na wala hakuona kwamba alikuwa anachagua.

Siku ya tatu upepo ukageuka kweli. Alitoka asubuhi, akaenda kwa bisha, mara upande huu mara ule kuukabili upepo, akifuata miamba, akirushiwa maji ya baridi shingoni. Alipofika Raz maji yalikuwa yamesimama, ila mawimbi ya dhoruba iliyopita yalikuwa hayajapata habari. Rozenn ilipanda, ikaanguka, ikapanda tena. Goulven aliogopa, na hofu yenyewe ikamtia furaha, maana alijiona ana kitu cha kumsimulia Herlé. Alimwambia kwa sauti, kana kwamba ameketi naye pale ndani: "Ona, Kaka! Ona mbao zako zinavyovumilia!"

Ndani ya ghuba bahari ililainika na jua likatoka. Alikunjua tanga lote, jekundu tupu, akavaa kofia kavu, akashika darubini kulitafuta dirisha.

Nyumba aliiona upesi. Mbao za madirisha, zile za buluu, zilikuwa zimefungwa zote, na ilikuwa saa sita ya mchana.

Kwetu, nyumba yenye watu ndani haifungi madirisha mchana wa jua ila kwa jambo moja.

Alishusha darubini. Mashua ikaendelea kwenda, yenyewe haikujua. Ukiwa peke yako baharini huwezi hata kulia vizuri. Wa kukushikia kana hayupo. Ilimbidi ageuze, ashushe tanga alilotoka kulipandisha, apenye katikati ya mashua za watu, arushe kamba, afunge mbele, afunge nyuma. Mikono yake ilifanya yote hayo. Alipomaliza fundo la mwisho alikaa sakafuni mwa mashua akalia kwa sauti, na watu wa gatini wakageuza nyuso zao pembeni kwa heshima.

Annaïg alimfungulia mlango amevaa nyeusi. Chumbani mshumaa uliwaka, na kando ya kitanda palikuwa na bakuli la maji ya baraka na kijitawi cha majani mabichi. Goulven alikichovya, akamnyunyizia kaka yake kwa alama ya msalaba. Matone mengine yakaangukia shukani.

"Lini?"

"Jana, alfajiri." Annaïg aliigusa redio ndogo iliyokuwa juu ya stuli. "Tangu utoke Loctudy hakutaka niizime hii. Kila taarifa ya bahari aliisikiliza. Wakitaja upepo ananikamata mkono. 'Amefika wapi? Asijaribu Raz, Annaïg. Asijaribu.' Dawa ya maumivu aliikataa, eti itamlaza usingizi, taarifa isomwe bila yeye kusikia."

"Mbona hukuniambia kwamba anaogopa?"

"Alinikataza. Alisema ukijua anaogopa utaona aibu, utatoka kwa hasira katika hewa mbaya. Na jana sikukupigia kwa sababu hiyo hiyo. Nilitaka kukufuata na gari langu. Hukutaka."

Goulven aliinama. "Nilitaka asife akidhani siji."

"Hakudhani hivyo hata siku moja," Annaïg alisema bila ukali, akimfungua vifungo vya koti lililolowa, kwa kuwa vidole vya Goulven mwenyewe vilishindwa. "Alijua unakuja, shemeji. Ndicho kilichomtesa."