Kamba ya Tomi

Wiki mbili zilizopita nilisimamisha gari kando ya kituo cha zamani cha kununulia majani chai, huku kwetu juu ya Kimulot, nikakaa ndani nikikitazama. Gari ni langu, na ile nyumba ya matofali kule kilimani ni yangu pia. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nina stashahada ya afya ya mifugo, kijijini wananiita daktari, nami siwakatazi. Lakini, rafiki yangu, mbele ya kile kibanda chenye kutu nilijiona mtoto wa darasa la sita, tena mwenye hatia.

Nyanya aliyenilea, niliyemwita Kogo, alijua kufunza mbwa. Kwake mbwa hakufunguliwa kwa huruma. Alianza kwenye nguzo ya zizi la ndama, kamba ikiwa ya urefu wa hatua tatu. Kuku wakipita mbele yake bila yeye kuruka, kamba iliongezwa. Akilala karibu na ndoo ya maziwa bila kutia ulimi, iliongezwa tena. Mtihani wa mwisho ulikuwa wa majani chai: apite katikati ya vikapu vilivyojaa bila kugusa kitu, kwa sababu karani wa kituo hakupokea majani yaliyokanyagwa na mnyama. Akishinda hapo, kamba ilitolewa na mbwa akatufuata popote. Ukimwambia nyanya mbwa amejua, alikujibu, "Usiniambie. Nionyeshe."

Tomi, mbwa mwekundu mwenye sikio moja jeupe, alikuwa wangu. Likizo ya Agosti nyanya aliniachia mtihani wa mwisho: kila jioni nijaze vikapu viwili, nimpitishe. Unaijua Agosti yetu. Mvua haikatiki, vidole vinakufa ganzi, aproni ya nailoni inagandamana na magoti. Nikaona kuna haja gani? Nilipanga vikapu vitupu. Tomi akapita vizuri kama askari wa gwaride, nami nikawatangazia watoto wote kwamba namshinda hata mwalimu wetu kwa kufundisha.

"Amejua?" nyanya aliuliza.

"Amejua, Kogo."

"Vikapu vilijaa?"

"Vilijaa."

Siku hiyo goti lilikuwa likimsumbua, akiwa amelikanda kwa maji ya moto. Hakusema nimwonyeshe.

Kesho yake tulikwenda kituoni, Tomi bila kamba, akitetemeka kwa mvua. Majani mabichi yakishindiliwa hupata joto. Ukitia mkono ndani ni kama umegusa tumbo la ng'ombe. Jirani yetu mjane alikuwa amemwaga yake kwenye gunia ili ayachambue, na mvuke ulikuwa ukipanda. Tomi aliunusa, akapanda juu, akajikunja, akafumba macho.

Watu walicheka. "Mwanafunzi wako amepata kitanda," mzee mmoja akaniambia.

Karani hakucheka. "Mama, hayo sipimi."

Mjane alikuwa amechuna tangu alfajiri. Nyanya akavuta vikapu vyake mwenyewe, akavisukuma hadi kwenye mizani. "Pima haya. Andika jina lake."

Nyumbani alimrudisha Tomi kwenye nguzo, hatua tatu. Kisha akaja jikoni nilipokuwa nikipukuchua mahindi. "Huyu alikosea mahali. Nikijua ni wapi, nitaanzia hapo. Nisipojua, siwezi kumwachilia tena kwa mali ya watu." Alinitazama, akangoja.

"Labda ni kichwa ngumu tu, Kogo," nikasema.

Hata yule mjane alikuja kumwombea. "Mfungue, mama. Mimi nilishasahau."

"Wewe umesahau," nyanya alimjibu, "lakini yeye bado hajafunzwa."

Kila nikirudi kutoka shule ya bweni nilikuta nyasi zimekwisha kuizunguka ile nguzo, udongo umekanyagwa mpaka ukang'aa. Tomi aliinuka, akatikisa mkia, akafika mwisho wa kamba. Sentensi moja ingetosha. Nilikuwa nayo mdomoni, lakini nilikuwa wa kwanza darasani, na wa kwanza darasani husemaje kwamba alidanganya kwa sababu ya uvivu? Tomi alikufa nikiwa chuoni. Nyanya aliniambia kwa simu, kati ya habari za mvua na habari za ng'ombe aliyezaa. Baadaye naye akaenda. Kwenye mazishi yake nilitoa hotuba ndefu, watu wakaisifu. Habari ya vikapu haikuwamo.

Sasa majani yananunuliwa kule barabarani, na mjane amehamia kwa mwanawe Bomet. Nguzo ya zizi iling'olewa tulipojenga. Mbwa wa siku hizi hushinda kwenye mnyororo au huzurura siku nzima. Hakuna anayewafunza hatua kwa hatua. Kazini huwaeleza wakulima namna ya kufanya, na husisitiza kwamba vikapu lazima vijae, majani yawe na joto. Wanaandika. Wengine huniuliza nilijifunzia wapi.

Nawajibu: chuoni.