Picha 312 za Siku Isiyokuwepo

Saa mbili kasorobo asubuhi, mlango wa studio umepandishwa nusu tu. Ndani, mwanamke wa miaka arobaini na tisa ameinama mbele ya kompyuta, miwani imemshuka hadi ncha ya pua. Anachomeka kadi ya kamera, anasubiri, anahesabu kimoyomoyo. Mumewe, ambaye ndiye mpiga picha, amesimama nyuma yake na begi begani, ana haraka ya kutoka.

"Bwana harusi anaitwa nani?" anauliza mkewe bila kugeuka.

"Si nilikwambia jana?"

"Jana ulinitajia kaka yake."

Mpiga picha anajikuna kisogo, anachomoa simu na kwenda nje kuuliza. Mpaka arudi na jina kamili, picha 640 za harusi zitabaki kwenye kadi. Mkewe hazigusi.

Jina likipatikana, kazi haichukui muda. Anafungua folda mpya na kuandika mwaka kwanza, halafu mwezi, halafu siku, kisha shughuli na jina la mwenyewe. "Ukianza na siku," anaeleza, "kompyuta itakurundikia tarehe tano za miezi yote mahali pamoja." Picha zikishaingia, kila moja inapewa jina hilohilo na namba yake. Anazinakili kwenye diski mbili, anafungua chache kuona kama ni nzima, na hapo tu ndipo kadi inafutwa.

Mtaani wanamwita Bi Tarehe. Ukienda kupiga picha ya pasi, hujakaa vizuri kwenye kigoda ameshakudai majina yako matatu na kukuandika. Vijana humtania kwamba akikutana na malaika wa mauti atamwuliza kwanza leo ni tarehe ngapi. Yeye hucheka nao.

"Wanadhani nimezaliwa na utaratibu," anasema, akiivua miwani. "Mimi nilikuwa ovyo. Huu utaratibu nimeupata baada ya kumuumiza mtu."

Studio waliifungua miaka kumi na minne iliyopita. Mume akachukua kamera, yeye akapewa kompyuta kwa sababu ndiye pekee aliyeweza kuandika bila kutafuta herufi kwa kidole kimoja. Kazi ilikuwa tele. Miaka ya mwanzo, kuhudumia watu arobaini kwa siku lilikuwa jambo la kawaida. Leo, kila mtu ana kamera mfukoni, na wakifika kumi na wawili wanashukuru.

Enzi hizo za arobaini, picha zilimwagwa tu. Folda zake ziliitwa "Mpya", "Mpya Kabisa", "Za Leo", "Za Leo 2", na moja anayoikumbuka kwa aibu, "Hizi Hapa". Baadaye akaweka programu iliyojipangia picha yenyewe kwa kufuata tarehe ya kamera. Yeye akabaki kubonyeza "Sawa" bila kusoma chochote.

"Nilikuwa nabonyeza huku napiga soga na wateja. Nilijiona mjanja kweli."

Miaka saba iliyopita aliingia dukani mama mmoja, fundi cherehani wa mtaa wa nyuma. Walifahamiana vizuri, nguo aliyovaa Bi Tarehe siku ya kufungua studio ilishonwa naye. Asubuhi ile fundi hakuketi. Kitinda mimba wake, kijana wa miaka ishirini na miwili, alikuwa amefariki siku mbili kabla, katika ajali ya lori safarini. Nyumbani picha yake ilikuwa moja tu, ya akiwa na miaka tisa, meno ya mbele hayapo.

"Alipiga hapa wiki tatu zilizopita," fundi alisema. "Za kuombea kazi. Umeme ukakatika, mkamwambia arudi kuzichukua. Kesho yake akasafiri. Nitafutie mwanangu, mdogo wangu."

Bi Tarehe alitafuta siku nzima. Akapekua mwezi ule, akapekua uliotangulia, akafungua hata "Hizi Hapa". Kijana hakuonekana. Mumewe alijaribu kukumbuka, lakini sura zinazopita mbele ya kamera ni nyingi na umeme ulikatika mara nyingi mwezi ule. Risiti nayo haikupatikana kwenye vitu vya marehemu.

Fundi cherehani aliporudi kesho yake, jibu lilikuwa moja: hazipo.

"Ningenyamaza hapo," anasema Bi Tarehe. Sauti yake inashuka. "Lakini nilikuwa nimechoka, na sikutaka aone kwamba ni uzembe wangu. Nikaongeza maneno ambayo hakuna aliyeniuliza. Nikamwambia, 'Dada, labda hakupiga hapa.'"

Fundi alimtazama. "Hela ya picha nilimpa mimi, mkononi," akasema polepole. Kisha akaondoka.

Kijana alizikwa, na picha waliyoiweka mbele ya watu ni ile ya mtoto mwenye mapengo.

Kuanzia siku hiyo salamu za fundi zilikuwa fupi. Bi Tarehe alidhani ni msiba tu. Mwaka uliofuata fundi akahama, akaenda kuishi na binti yake upande wa pili wa mji, na mambo yakapoa.

Yakafufuka mwaka jana. Kompyuta ya zamani ilianza kukoroma na kuzimika, ikabidi kila kitu kihamishiwe kwenye diski mpya. Bi Tarehe alikuwa akishuka na orodha ya folda alipoiona moja yenye tarehe ya miaka mitatu kabla ya studio kufunguliwa.

"Nilicheka peke yangu. Nikasema hii mashine imezeeka, imeanza kuota."

Akaifungua. Zilikuwemo picha 312, zote zikionyesha kwamba zilipigwa ndani ya siku nane za mwaka ambao wao wawili hawakuwa na kamera wala duka. Lakini pazia la nyuma lilikuwa lao, la bluu, lenye kiraka pembeni.

Mumewe alipoitwa, ndipo akakumbuka. Miaka ile betri ndogo ya saa ya kamera iliisha, akaibadilisha, akasahau kurekebisha tarehe. Kwa siku nane, mpaka alipogundua na kuirekebisha bila kumwambia mkewe, kamera ilijihesabia mwaka wa mbali. Wateja waliosubiri walichapiwa moja kwa moja kutoka kwenye kadi, hivyo hakuna aliyeshtuka. Programu ikaiamini kamera. Na mwenye kompyuta akaiamini programu, akabonyeza "Sawa".

Picha ya arobaini na saba ilikuwa ya kijana mwembamba aliyevaa shati jeupe, amejinyoosha kama askari, kicheko kimembana mashavuni.

"Niliita jina lake kwa sauti. Hapa hapa nilipokaa."

Mpiga picha alimsihi asiende. "Yameshapita," alimwambia. "Unakwenda kumtonesha mtu kidonda." Anakiri mwenyewe kwamba hata yeye aliogopa. Mkewe hakumsikiliza. Alichapa picha moja kubwa, akaitia kwenye bahasha ngumu, akaulizia nyumba mpaka akafika.

Binti ndiye aliyemfungulia. Fundi cherehani alikuwa ameketi karibu na dirisha, mikono mapajani, na mgeni alipoingia uso wake ulielekea mahali pasipo na mtu. Presha ya macho ilikuwa imemmaliza. Huu ulikuwa mwaka wake wa pili wa kutofautisha mwanga na giza tu.

Hilo Bi Tarehe hakulijua. Hakuna aliyemwambia, na hakuwa ameuliza.

"Nani huyo?"

"Mimi, dada. Wa studio."

Fundi aligeuza uso kuifuata sauti. Halafu akasema, "Kama umeleta kitambaa umechelewa. Siku hizi sishoni."

"Nimempata, dada."

Hakuuliza ni nani. Alinyoosha mikono yote miwili. Alipopewa picha akaipapasa kuanzia juu hadi chini, taratibu, kama anavyopima kitambaa. Karatasi ilikuwa laini kote. Haikumwambia kitu.

"Amevaa nini?"

"Shati jeupe. Mikono mirefu."

"Kola yake?"

"Pana kidogo. Imesimama vizuri."

"Nililishona mimi. Kifungo cha juu amefunga?"

Bi Tarehe aliinama, akaangalia. "Hajafunga."

Fundi akacheka, kicheko kikamkatikia njiani. "Nilimwambia afunge. Nilimwambia, hawatakupa kazi na shingo wazi hivyo."

Binti yake aligeukia ukutani. Mama aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Hapo ndipo Bi Tarehe alipojua alichokifanya.

"Miaka sita, mdogo wangu, nimekuwa nikimwombea mwanangu msamaha. Kila nikisali: Mungu, alikula hela ya picha akanidanganya, na ndilo neno la mwisho aliloniambia, msamehe. Kumbe alikwenda. Mtoto wa watu alikwenda, akasimama wima, akapiga."

Mgeni alipiga magoti. Alieleza habari ya betri, ya saa ya kamera, ya programu, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyosikia maneno yake mwenyewe yanavyokosa maana. Mwishowe akaacha. Akasema tu kwamba alikosa, na kwamba yale maneno yalimtoka kwa kujitetea.

"Nimekusamehe," fundi alimjibu. "Lakini usiniambie lilikuwa jambo dogo."

Picha iliwekwa kwenye fremu. Fundi alitaka itundikwe chini, usawa wa mkono, ili akipita aiguse.

Siku hizi Bi Tarehe huenda kumwona kila baada ya wiki mbili. Huongea habari za mtaa, za bei za vitambaa, za nani kaolewa. Jambo lile halitajwi tena. Anasema msamaha ule haumpi raha aliyoitegemea. "Angenitukana ningepumzika. Yeye ananipisha nikae, ananiuliza kama nimekula. Halafu nikiaga namwona anaenda ukutani."

Kila asubuhi kabla ya wateja kuanza kuja, anafungua diski moja ya zamani na kuanza kuipa kila picha jina na tarehe yake ya kweli. Ziko diski kumi na moja; amemaliza nne. Folda ya siku zile nane ndiyo aliyoanza nayo. Humo wamo watu themanini na saba tu, kwa kuwa umeme wa mwezi ule ulipunguza kazi. Arobaini na mmoja ameshawatambua, kwa kukumbuka, kwa kuuliza majirani, kwa kukuza picha mpaka jina la shule lisomeke kwenye sare. Amewapigia simu au kuwafuata majumbani. Wengi walishangaa, wakacheka nywele walizokuwa nazo. Mmoja alikuwa ameshafariki, mjane wake akaipokea bahasha na kufunga mlango.

Wamebaki arobaini na sita ambao hawafahamu kabisa. Mwezi ujao anakusudia kuwachapa wote kwa ukubwa wa kadi, awabandike kwenye ubao nje ya studio, na juu yake aandike kwa kalamu nene: UNAMJUA?

Mpiga picha hajaafiki. Yuko mlangoni, ameshapata jina la bwana harusi, lakini hili la ubao limemrudisha ndani. Anasema watu watawacheka, wataona studio imekosa kazi.

"Wacheke," anajibu mkewe, vidole vikiwa vimeanza kuandika mwaka. "Anayecheka lazima asimame. Na akisimama, ataangalia."