Mpira Mfukoni mwa Mama Povu

Mtaa mzima ulimwita Mama Povu, kwa sababu hakupata kumwachia mteja mtungi wa gesi kabla ya kupaka povu la sabuni kwenye maungio na kutazama kama kuna pahali panapovuja. Asubuhi ile alikuwa dukani kwake, chumba kimoja chenye mlango wa wavu, akipangusa mitungi, mkono wake ulipogusa kitu laini katika mfuko wa aproni. Ulikuwa mpira mpya wa valvu, ule unaozuia gesi isivuje, mdogo kama pete ya mtoto.

Aliutoa, akautazama. Mpira ule yeye huubana kwa midomo wakati mikono yote miwili ikifungua kichomeo kilichokaa juu ya mtungi. Kutoka midomoni huingia kwenye valvu, haukuwa na safari ya kwenda mfukoni. Ndipo alipokumbuka. Muda mfupi uliopita, alipokuwa akimfungia mtungi bibi mmoja mzee nyumbani kwake, ajuza yule alimchokoza: "Mjukuu wangu, leo umemeza ulimi?" Akautoa mpira mdomoni ili amjibu, akautia mfukoni, wakacheka. Kisha akafunga kichomeo, na alipochukua sabuni, bibi akamzuia: "Usinilowanishie sakafu, nimepiga deki sasa hivi." Naye akaona haya kubishana na mkubwa.

Alitoka mbio bila kufunga duka. Katika nyumba ile ya wapangaji wengi, bibi ndiye aliyekuwa wa kwanza kutumia gesi. Wengine walipikia mkaa, wakisubiri kuona yatakayompata. Wakisikia tu kwamba mtungi umevuja, hakuna atakayenunua, na duka litakuwa limekwenda na maji. Njiani alipanga aingie kimyakimya, aurudishe mpira, ajiondokee.

Harufu ya gesi ilimpokea ukumbini. Dirisha la bibi lilikuwa limefungwa, upepo usije ukazima moto. Hatua chache kutoka mlangoni pake, muuza mkaa, mpangaji mwenzake bibi, alikuwa ameinama akipepea jiko, cheche zikiruka.

Mama Povu alisimama katikati ya ukumbi.

"Zimeni moto wote," alisema kwa sauti iliyofika hadi uani. "Mtungi wa bibi unavuja. Nimekosea mimi. Asiguse mtu swichi wala kiberiti."

Muuza mkaa alilibeba jiko mbiombio hadi uani, akalimwagia maji. "Si nilisema? Siku moja mtaiva nyinyi badala ya chakula."

Mama Povu alikwenda moja kwa moja chumbani kwa bibi. Aliingia, akafunga koki, akafungua dirisha, akamshika bibi mkono. Bibi alikuwa na kiberiti kiganjani. Kilichomchelewesha ni miwani, hakukumbuka alikoiweka.

Mtungi ukatolewa uani. Mama Povu aliwaonyesha wote: bila mpira, povu lilitokota; mpira ulipowekwa, likatulia.

"Umetengeneza?" bibi akauliza.

"Ndiyo, bibi."

"Basi washa wewe. Sisi tutakuwa kule ukutani."

Njiti ya kwanza ilimvunjikia mkononi. Ya pili ikashika, na moto wa buluu ukasimama wima, bila kishindo. Bibi alitangulia kusogea, akateleka birika.

"Usiondoke," alimwambia. "Utakaa hapa mpaka maji yachemke. Na siku nyingine paka povu lako. Sakafu nitaipiga deki tena."

Mama Povu akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa. Muuza mkaa alibaki kando ya jiko lake lililolowa, sufuria mkononi, macho kwenye birika.