Jicho la Kushoto la Mama

Mimi huandika polepole. Shule niliishia darasa la saba, na mpaka leo nikishika kalamu naona kama kuna mtu anachungulia nyuma ya bega langu. Lakini haya nataka kuyaandika, maana kile kibanda cha kope hakipo tena.

Kilikuwa mtaani kwetu Katindiuka, ubavuni mwa nyumba yetu. Dada mmoja alikipanga, akawa anabandika kope na kuchonga nyusi. Mama alikuwa akiuza mchele barazani, nami nikimsaidia kuchambua mawe na chuya. Kati yetu na yule dada palikuwa na pazia tu.

Dada alitaka picha za macho ya wateja wake aweke statasi, ila kila alipoisogeza simu karibu picha ilitoka na ukungu. Akaniita mimi. Nilikuwa na aibu mno. Nikimsalimia mtu nilitazama miguu yake. Kwa simu, hata hivyo, niliweza. Jicho kwenye kioo cha simu halikuniuliza kitu.

"Huyu mtoto!" mteja mmoja alicheka. "Shikamoo yake kavipa viatu vyangu, sasa jicho langu analichungulia mpaka kwenye ubongo."

"Mwache bwana," dada akamjibu. "Ukimtania atatikisika, na picha nayo itatikisika."

Picha zangu za kwanza zilikuwa mbaya. Jicho lilitoka jeusi kama tundu la panya. Kilichonisaidia ni mchele. Kwetu huwezi kukaa karibu na mtu anayechambua mchele mikono yako ikiwa mitupu. Utajikuta umeshaingiza vidole kwenye ungo. Basi siku moja mteja aliyekuwa akisubiri kupigwa picha alimpokea mama ungo, akauweka mapajani, akawa anachambua huku ameelekea mlangoni. Nikamwambia ainue macho. Mwanga wa nje ulipiga kwenye mchele, ukarudi juu, ukaingia machoni mwake kutoka chini. Nikaona rangi ya kahawia ambayo sikujua kama watu wanayo, na ndani yake duara dogo jeupe. Lilikuwa ule ungo.

Tangu siku hiyo kila mteja alipewa ungo.

"Mchele wangu umekuwa taa ya saluni," mama alilalamika. "Haya, angalau wachambue!"

Na walichambua. Mama alipata wasaidizi, dada akapata wateja mpaka kutoka Mkula.

Mama mwenyewe hakukaa pale pa kupigwa picha hata siku moja. Zamani, wakati wa kuvuna, suke la mpunga lilimchoma jicho la kushoto, likamwachia doa jeupe. Picha zote tulizonazo nyumbani amegeuka ubavu, au amejificha nyuma ya shangazi mnene. Sisi watoto tulishazoea.

Kisha dada yangu akachumbiwa. Kwa sherehe ya kumuaga alitaka bango kubwa la kuning'iniza ukumbini, yeye upande mmoja na mama upande wa pili. Baba alishafariki, kwa hiyo mama angekuwa peke yake upande wake.

"Wekeni ile ya ubavu," mama alisema.

"Ya ubavu utakuwa unamtazama nani, mama?" dada yangu alimuuliza, na nikaona machozi yanamlengalenga. "Nataka unitazame mimi na wageni wangu."

Nilimbembeleza mama siku mbili. Mwishowe alikubali nimpige karibu, macho tu, ajione kwanza. Nilipiga haraka kabla hajabadili mawazo. Halafu nikafanya nililoona wateja wakipenda: nikaingia kwenye filta, nikasugua lile doa kwa kidole mpaka likaisha. Jicho likatoka safi kama la msichana. Nikampelekea mama mbio, nikidhani leo atanibariki.

Aliishika simu kwa mikono miwili.

"La kulia ni langu," alisema. "Hili la kushoto umeniwekea la nani?"

"Ni lako, mama. Nimelisafisha tu."

"Kwani lilikuwa chafu?"

Nilinyoosha mkono kuichukua simu, hakuiachia.

"Watu wakilitazama najificha, maana siwajui wanawaza nini," akasema taratibu. "Wewe nilijua hulioni."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilifuta ile picha mbele yake. Kisha nikaenda kuchukua ungo, nikaujaza mchele, nikauweka mapajani mwake. Aliutazama, akatoa jiwe moja, akalitupa nje. Vidole vyake vikaanza kwenda vyenyewe.

"Nitazame wapi?" aliuliza.

"Kwangu."

Niliishusha simu, nikamtazama kwanza bila kioo. Sikumbuki kama niliwahi kumtazama mama hivyo kabla. Kisha nikapiga, na sikugusa kitu. Kwenye jicho la kulia mna duara jeupe la ungo. Kwenye la kushoto mna duara hilohilo, na pembeni yake doa, kama punje iliyorukia nje.

Picha hiyo ndiyo iliyokwenda kwenye bango, uso mzima, macho mbele.

Dada wa kope alihamia Kisawasawa, kibanda kikabomolewa. Dada yangu yuko kwa mumewe. Bango lilibaki kwetu, na kwa kuwa ni gumu, mama huanikia mpunga. Majirani wenye mabango ya sherehe zao hulaza upande wa picha chini. Mama hulaza wake juu. Tukianza kumwaga mpunga, mama huanzia upande wa dada yangu, polepole, na macho yake mwenyewe huyafunika mwisho.