Jemadari Aliyetekwa Dirishani

Mie ni Mhehe, na rafiki yangu mkubwa wa pale Temeke alikuwa Mngoni, kwa hiyo hatukuwahi kusemeshana vizuri hata siku moja. Babu zetu walipigana vita virefu huko kusini, wakachoshana, na walipochoka wakatuachia wajukuu ruhusa ya kutukanana bila kugombana. Ndio utani huo. Mtani wako anaweza kukuita mwizi mbele ya wakwe zako, nawe ukacheka. Anaweza kuingia kwako akaondoka na kuku, na ukimdai unakuwa umeuaibisha ukoo mzima. Na siku ukifa, yeye ndiye wa kwanza kukusema vibaya msibani, ili wafiwa wapate kupumua.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Yeye alikuwa mwandika mabango, na nusu ya maduka ya ushirika ya upande ule yalikuwa na mwandiko wake, herufi nono za kijani zenye mikia. Sikumbuki nani alianzisha ubishi wa nani hasa alishinda vita vya babu zetu. Yeye alikuwa anasema ni mie niliyeuanza, jambo ambalo ni uongo. Tulibishana siku nzima ya Jumapili, chakula kikapoa, mpaka mke wangu akasema, "Kama hamjaridhika, vipiganeni upya. Lakini nje ya jiko langu." Tukaichukua kauli ile kama amri ya serikali.

Hivyo ndivyo watu wazima wawili, wenye ndevu na watoto, walivyoanza kuchonga askari wa kimo cha kidole. Mbao tuliokota kwa seremala wa jirani, mabaki ya mninga. Mikuki ilikuwa njiti za kibiriti, na ncha zake tulizifunga kwa ile karatasi inayong'aa ya ndani ya pakiti za sigara. Ngao tulikata kwenye masalio ya ngozi ya fundi viatu, ambaye hakuacha kutuuliza tunashona viatu vya nani. Rangi ilitoka kwenye makopo ya mtani wangu, kile kinachobaki chini baada ya bango kukamilika. Ndiyo maana jeshi zima la Wangoni lilivaa kijani cha duka la ushirika, kana kwamba linakwenda kugawa sukari.

Kazi ngumu ilikuwa macho. Jicho la askari wa kimo kile ni nukta moja tu, unaiweka kwa ncha ya mwiba huku umebana pumzi. Ukitikisika kidogo, umepata kengeza. Mtani wangu, mkono wake ulizoea herufi za kusomeka kutoka ng'ambo ya barabara, kwa hiyo akajipatia kikosi kizima cha makengeza. Nilimwambia sasa nimeelewa kwa nini babu zake walichukua muda mrefu vile kutupata. Naye akaangalia wa kwangu, wenye miguu minene kama michi, akasema hawa wasihangaike kukimbia, wazame tu ardhini wakiwa wamesimama.

Uwanja wa vita ulikuwa mlango mkuukuu tuliouegesha juu ya matofali uani kwangu. Juu yake tulimwaga mchanga. Milima tuliifinyanga kwa udongo tulioufuata kwa baiskeli Mbagala, enzi hizo bado mikorosho mitupu, na mto ulikuwa kipande kirefu cha kioo kilichopasuka. Tulipima mwendo wa askari kwa kijiti, na kujua nani kauawa tulirusha simbi, zile kauri za pwani. Sheria tulitunga wenyewe, na kila mmoja alizikumbuka kwa namna iliyompendelea.

Haikupita muda balozi wetu wa nyumba kumi akaja. Alikuwa Mzaramo mzee, mkavu, mwenye kofia aliyoivua kwa nadra. Alikuwa amesikia kwamba kwa mwalimu kunapangwa vita.

"Shikamoo, mzee," tukasema wote wawili, tukasimama kama wanafunzi.

"Marahaba. Hiki ni nini?"

Nikamweleza. Akazunguka ule mlango polepole, mikono nyuma. Akasema nchi hii inajenga umoja, inakataa ukabila usiku na mchana, na mie mwalimu, mtu wa kutegemewa, naketi uani kufufua mambo ya Wahehe na Wangoni. Nikaona kazi yangu inaondoka. Mtani wangu akainamisha kichwa kwa adabu. Halafu balozi akauliza, kwa sauti tofauti kidogo, "Na Wazaramo wako wapi hapa?"

"Hao," mtani wangu akasema, "walikuwa wanawauzia madafu pande zote mbili."

Mzee aliiweka sawa kofia yake. Kisha akavuta kigoda akakaa. "Basi mwekeni mmoja," akasema. Tukamchonga muuza madafu na tenga lake, tukamsimamisha katikati ya uwanja, na ikawa sheria kwamba hapigwi na mtu yeyote. Kuanzia hapo balozi ndiye aliyekuwa mwamuzi wetu, na alikuwa na upendeleo wa wazi kwa aliyemkaribisha chai.

Sasa niseme habari ya jemadari. Jeshi bila mkubwa ni genge tu, na wa kwangu nilimchonga kwa mpingo, kipande kidogo kigumu kilichonimalizia makali ya visu. Nilimvika shuka jeupe lenye mkunjo begani, nikampa ngao yenye mabaka na shanga moja nyekundu shingoni, shanga ya mama yangu. Macho yake yalitulia. Nasema bila haya: sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama kile, si kabla wala baada. Mke wangu, ambaye hakuwa mtu wa kusifu, alisema, "Huyu angekuwa mume wa mtu."

Rangi ilipokuwa haijakauka nikamweka dirishani apate upepo. Hilo ndilo kosa langu. Mtu mwenye mtani Mngoni haweki kitu dirishani. Nilikwenda kunawa mikono, na niliporudi dirisha lilikuwa tupu, na nje nikasikia mtu anaondoka huku anapiga mluzi.

Nilimfuata mpaka kwake, na njiani nikakumbuka siwezi kusema kitu. Kachukua kwa utani. Nikimwomba arudishe, nimeshindwa. Nikikasirika, nimeshindwa zaidi. Nikakaa barazani kwake, nikanywa maji, nikasema leo joto sana. Akasema ndiyo, joto. Mfuko wa shati lake ulikuwa umetuna.

Jumapili iliyofuata jeshi langu liliingia vitani likiongozwa na kizibo cha chupa. Mtani wangu alikipigia saluti. "Heshima yako, Jemadari Kizibo," akasema, "mwenzako anakula vizuri kwetu, nimemfunga mikono tu." Balozi alicheka mpaka kofia ikaanguka. Nikadhani ni mchezo wa wiki moja. Ukawa wa miaka. Watoto wetu walianza shule na kumaliza, foleni za sukari zikarefuka na kufupika na kurefuka tena, na kizibo changu bado kinaongoza Wahehe. Nilijaribu kila hila. Nilimwibia jogoo, akanishukuru kwa kumpunguzia kelele. Nilimchongea mbwa mzima wa mti awe fidia ya mateka, kwa sababu wao husema sie Wahehe tunakula mbwa. Akampokea, akamwandika ubavuni kwa herufi ndogo, POSHO YA MWALIMU, akamweka nyuma ya jeshi langu.

Ilinichoma, nisifiche. Nilikuwa namwota yule jemadari. Siku moja uvumilivu ukanitoka, nikasema, kama mzaha, "Mtani, yule mtu utamwachia lini?"

Akanitazama kwa furaha, maana hilo swali alikuwa analingojea. "Mdai siku ya mazishi yangu," akasema. "Siku hiyo sitakuwa na mdomo wa kukataa."

Nikamjibu asichelewe basi, nina vita.

Ini ndilo lililomchukua, na lilimchukua haraka. Nilikwenda kumwangalia wodini, nikamkuta kakonda, mkono wa herufi nono umebaki mifupa. Nikamwambia Wangoni wote ni waoga, wakiona Mhehe anakuja wanajifanya wagonjwa. Akacheka bila sauti. "Bado mateka," akasema. Ndilo neno lake la mwisho kwangu, na lilikuwa la dharau, namshukuru Mungu.

Msibani nilifanya kazi yangu. Niliingia nimevaa shati lake la kazi lenye madoa ya kijani, nikalala kwenye mkeka wa waombolezaji, nikamkoromea kama alivyokuwa anakoroma kanisani. Nikawaambia wafiwa wasimlilie, ni mvivu tu, amewahi kuandika DUKA kwa siku mbili. Mjane wake alicheka huku machozi yanamtoka, na shemeji zake wakacheka, na mie ndani ya shati lile nilikuwa nanusa rangi ya mafuta na nilitaka kupiga kelele. Lakini mtani halii. Wenyewe wanalia, yeye anawachekesha. Ndiyo ada.

Makaburini, jeneza lilipofika, nilikuwa nimeshatangulia. Nilikuwa ndani ya kaburi. Mtani anaruhusiwa kuzuia maziko mpaka alipwe, na kila mtu pale alijua, hata katekista, aliyefunga kitabu chake akasubiri. Kwenye ukingo wa udongo nilikuwa nimepanga jeshi langu lote, ngao mbele, na Jemadari Kizibo katikati.

"Hii ni nchi ya Wahehe," nikasema kutoka shimoni. "Mngoni hapiti."

Wakacheka. Wakatupa sarafu, nikazirudisha juu. Wakatupa pakiti ya sigara. Nikairudisha. Balozi wetu, mzee kabisa sasa, alikuwa amesimama na fimbo yake. Akasema, kwa ile sauti yake ya uamuzi, "Mwalimu haombi fedha. Mpeni mtu wake."

Mjane akasogea ukingoni. Alifungua pindo la kanga, akamtoa. Ningemjua hata gizani. Mikono ilikuwa imefungwa kwa uzi mwekundu, kama mtani wangu alivyosema. Lakini shuka lake lilikuwa jeupe kabisa, jeupe la juzi, na mabaka ya ngao yalikuwa yamepitiwa upya. Miaka yote ile mfukoni na barazani, rangi ingekuwa imekwisha. Mtu alikuwa anampaka kila ilipochubuka, kwa mkono uliotulia, na macho, yaliyomshinda tangu kile kikosi cha makengeza, hakuyagusa.

"Mchukue, shemeji," mjane akasema. "Alisema utakuja."

Nikanyoosha mkono, kisha nikaurudisha.

Watu wakadhani naongeza utani, wakacheka tena. Nilisema sitaki, huyu si yeye, leteni mwingine. Nikasema anadaiwa pia jogoo. Nikasema na chai ya balozi. Nilikuwa nasema chochote kilichonijia, maana miguu yangu ilikuwa inakanyaga mahali pa mtani wangu, na maadamu sijalipwa, hawezi kulala hapo. Nilikuwa nimemtaka yule jemadari kuliko kitu chochote nilichowahi kukitengeneza, na sasa wananipa, na sikumtaka.

Kicheko kikapungua, kikaisha. Mjane hakuushusha mkono. Wale waliobeba jeneza walikuwa wanabadilisha mabega.

"Mwalimu," balozi akasema taratibu, "vita vimekwisha."

Nikampokea jemadari wangu, na uzi wake mikononi. Nikawapa mkono wa pili wanivute juu. Halafu nikainama nikawaondoa askari wangu mmoja mmoja pale ukingoni, na waliobeba jeneza wakampitisha Mngoni.